Wimbo Wenu Unaitwaje?

Dijei aliuliza swali la kawaida tu. Ilikuwa send-off ya binti wa shangazi yangu, kwenye ukumbi mmoja pale Singida mjini, saa tatu usiku, na ratiba ilikuwa imeshachelewa kama zinavyochelewa ratiba zote za send-off. MC akawaita akina mama waliotoka Unyambwa waje mbele waimbe. Wakajipanga na sare zao za kanga, shangazi akiwa wa kwanza. Dijei akainama kwenye kompyuta yake, akashika kipaza sauti: "Mama zangu, wimbo wenu unaitwaje?"

Shangazi akamwangalia. Akageuka kuwaangalia wenzake. Halafu akasema, "Ni ule wa kumsindikiza mtoto."

Ukumbi ukacheka, na wala si kwa ubaya. Dijei akaandika kitu, akatafuta, hakupata. "Hauna biti, mama? Basi imbeni kavukavu, dakika mbili." Hazikufika. Walipoanza tu kuchanganya, akapandisha Bongo Fleva moja ambayo kila mtu anaijua, ukumbi ukalipuka, na akina mama wakarudi kwenye viti huku wanaimba. Midomo ilikuwa inakwenda, sauti hatuisikii.

Nimeandika habari za muziki kwa miaka kadhaa sasa, na mara nyingi nimeulizwa kwa nini nyimbo za kwetu bara hazivuki kwenda popote. Huwa najibu kama wengine: lugha, studio, pesa, redio. Tangu usiku ule nimekuwa nikifikiria kitu kidogo kuliko hivyo vyote. Jina la wimbo. Naomba mnivumilie nianzie mbali, Japani, kwa sababu ni Mjapani aliyenifundisha kuyaangalia majina ya nyimbo kama kitu chenye uzito wake.

Alikuwa mwalimu wetu wa hisabati kidato cha pili, kijana wa kujitolea, mmoja wa wale ambao Japani imekuwa ikiwaleta Tanzania tangu 1967. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza lakini matamshi yake yalikuwa safi kuliko ya wazungu wote niliowahi kuwasikia, na siku moja alitueleza sababu. Silabi za Kijapani, alisema, ni kama za Kiswahili: zinaishia kwenye irabu. Ka, ki, ku, ke, ko. Akaandika ubaoni maneno ya kwao, tukayasoma bila shida, darasa zima likajiona linajua Kijapani.

Kipindi kilichofuata, umeme wa hisabati ukiwa umekata vichwani mwetu, akatufundisha mchezo wa watoto wa kwao unaoitwa shiritori. Maana yake ni kuchukua mkia, kwa tafsiri ya heshima. Mtu anataja neno, anayefuata anachukua silabi ya mwisho na kuanzia neno lake hapo. Sakura, halafu neno la kuanzia na "ra", na kuendelea. Kijapani kina sauti moja tu inayoweza kufunga neno bila irabu, nayo ni "n", na kwa kuwa hakuna neno la kwao linaloanza na hiyo "n", anayetaja neno linaloishia nayo ameshindwa. Mchezo mzima umejengwa juu ya mlango huo mmoja wa kutokea.

Tukaujaribu kwa Kiswahili. Hakuna aliyeshindwa! Maneno yetu yote yanaishia kwenye irabu, hivyo tulikwenda mpaka kengele ikalia. Mwalimu akakuna kichwa, akasema tuufanye mgumu: tutaje majina ya nyimbo tu.

Likizo nikaupeleka mchezo Unyambwa. Kwa wasiopajua, ni kata ya nje kidogo ya mji wa Singida, nchi ya mawe makubwa na alizeti, na upepo ambao haukupi nafasi ya kusahau uko wapi. Kwa shangazi umeme ulikuwa haujafika. Jioni tulikaa uani tukichambua mboga, binti zake watatu na mimi, na redio ya betri tuliyokuwa tunaibania ili ifike kwenye taarifa ya habari. Redio ikizimwa, tunacheza.

Acha nioneshe jinsi ilivyokuwa, kwa majina ambayo leo ningeyatumia. Mtu anaanza na "Mtaa wa Saba" ya Mbaraka Mwinshehe. Mkia ni "ba", anayefuata anataja "Barua" ya Daz Nundaz. Mkia ni "a", unakuja "Aje" ya Ali Kiba. Mkia ni "je", unakuja "Jeje" ya Diamond, na hapo mmekwama, kwa sababu "Jeje" inajirudia yenyewe kama mbwa anayekimbiza mkia wake. Hatua nne, na umetoka kwa mtu aliyefariki mwaka 1979 mpaka kwa mtu anayejaza viwanja leo. Hakuna mwanahistoria wa muziki angekuunganishia hawa wanne kwa mpangilio huo. Mchezo haujui enzi, haujui aina ya muziki, haujui nani anamchukia nani. Unajua silabi tu.

Ukicheza muda mrefu unaanza kuona mambo ambayo kusikiliza peke yake hakukuoneshi. Kwa mfano, nyimbo zinazoanza na "m" inayojitegemea, kama hiyo "Mtaa wa Saba" au "Mtoto Akililia Wembe" ya Sikinde, huwezi kuzifikia kutoka popote, kwa kuwa hakuna jina linaloishia na "m". Ni nyimbo za kuanzia tu. Nyingine ni za kumalizia. Ukitaja "Kifo" ya Remmy Ongala umemwachia mwenzako "fo", na kwa shangazi hakuna aliyewahi kupata wimbo wa kuanzia na "fo". Tukapiga marufuku kuanza na "Kifo", maana mchezo ulikuwa unakufa kabla haujazaliwa. Bila kujua tulikuwa tumejitengenezea "n" yetu.

Pia unaona majina yanavyofanya kazi. Dansi ya Dar es Salaam ya miaka ya sabini na themanini ilipenda kuita wimbo kwa jina la mwanamke: "Zuwena" na "Georgina" za Marijani Rajabu, "Neema" na "Edita" za Sikinde. Kwa mchezo ni hazina, kwa sababu majina mengi ya kike yanaishia na "a" iliyobeba konsonanti nzuri. Kwa uhakiki ni jambo lenye utata. Jina kama "Zuwena" linakuahidi mtu, lakini ukisikiliza utakuta unachopewa ni malalamiko ya mwanamume. Zuwena mwenyewe hasemi. Nimeupenda wimbo huo maisha yangu yote na bado nasema hivyo.

Remmy alikwenda njia nyingine. Kwenye albamu yake ya 1989, Songs for the Poor Man, kuna wimbo unaoitwa "Muziki Asili Yake Wapi". Hilo ni swali zima. Unaweza kuligonga mlangoni kwa mtu na kusubiri jibu. Halafu zinakuja nyimbo za sasa, "Jeje", "Tetema", "Kwangwaru", majina mafupi yenye mdundo, ambayo ni rahisi kuandika kwenye simu kwa kidole kimoja. Wazee wanalalamika kwamba hayana maana. Mimi sioni hivyo. Jina kama "Tetema" linafanya kile linachosema. Ni amri ya mwili. Ila ni kweli kwamba limetungwa kwa ajili ya kutafutwa, na kitu kilichotungwa ili kitafutwe kina tabia yake.

Waliolielewa jina kuliko wote ni watu wa pwani. Kanga ina maandishi, na maandishi hayo Mswahili huyaita jina. Unamuuliza mwenzako, kanga hii jina lake nani? Unanunua jina kwanza, maua baadaye, na unajua nani atalisoma ukipita. Nyimbo za taarabu zimeishi kwenye hewa hiyohiyo: jina la wimbo linakaa kama fumbo, linaweza kuhama kutoka jukwaani likaenda kwenye kitambaa na kurudi, na jirani anayelengwa analijua kabla fidla haijaanza. "Muhogo wa Jang'ombe" ya Bi Kidude ni jina la chakula na la mtaa wa Unguja, na kila anayeusikiliza anajua kwamba mazungumzo hayahusu chakula. Hapo jina ni nusu ya kazi ya sanaa. Ukiliondoa, umeondoa mlango na kufuli lake.

Sasa turudi Japani, kwenye wimbo ambao mwalimu wetu alituimbia siku ya kuaga. Aliimba bila chombo chochote, amesimama mbele ya ubao, macho juu. Alituambia unaitwa "Ue o Muite Arukō", yaani kitu kama "Nitembee Nikitazama Juu". Ni wimbo wa mtu anayejizuia machozi yasidondoke. Aliyeuimba mara ya kwanza, 1961, ni Kyu Sakamoto. Maneno ni ya Rokusuke Ei na tuni ya Hachidai Nakamura. Ei aliyaandika maneno hayo akiwa na uchungu wa maandamano ya kupinga mkataba wa usalama kati ya Japani na Marekani, maandamano yaliyoshindwa. Miaka miwili baadaye, Juni 1963, wimbo huo ukakaa namba moja Marekani kwa wiki tatu, kwa Kijapani kitupu, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea.

Lakini haukukaa hapo kwa jina lake. Kampuni ya rekodi ya Uingereza iliona jina halisi litawashinda watu kulitamka, ikaupa jina la chakula cha Kijapani ambacho wateja wangekuwa wamewahi kukisikia: "Sukiyaki". Nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba, ikapikwa na mboga kwenye sufuria mezani. Haimo kwenye wimbo, wala haifanani nao. Mwandishi mmoja wa Marekani aliandika wakati ule kwamba ni sawa na kuuza "Moon River" Japani kwa jina la mchuzi wa nyama. Mpaka leo mamilioni ya watu wanaoupenda wimbo huo wanauita kitoweo.

Nasimulia haya kwa sababu yanaonesha pande mbili. Kwa jina la uongo wimbo ulivuka bahari. Kwa jina lake la kweli huenda usingefika. Hapo ndipo moyo wangu unapogawanyika, na utagawanyika zaidi tukifika kwa shangazi.

Karaoke nayo ni ya kwao. Neno lenyewe limeunganishwa: kara ni tupu, na oke ni kipande cha neno okestra. Okestra tupu. Wengi humtaja Daisuke Inoue, mpiga muziki wa baa za Kobe, ambaye mwaka 1971 alitengeneza mashine kumi na moja za kukodisha zilizowapigia wateja muziki bila mwimbaji. Mwingine, Shigeichi Negishi wa Tokyo, alikuwa ametengeneza yake 1967. Inoue hakusajili hataza, hivyo wengine wakatajirika. Mwaka 2004 alipewa tuzo ya Ig Nobel ya amani, ile ya mzaha, kwa kuwapa wanadamu njia mpya ya kuvumiliana. Mzaha wenyewe una ukweli: karaoke ni sanaa ambayo msikilizaji ndiye anayefanya kazi ngumu.

Nimeingia karaoke za Dar es Salaam, Kinondoni na Masaki, kikazi na si kikazi. Wanaimba Don Williams, Kenny Rogers, Celine Dion. Wimbo wa Kiswahili ukiombwa, mara nyingi hakuna muziki wake, au upo uliopigwa na mtu nyumbani kwa kinanda, na maneno kwenye kioo yamekosewa tahajia. Lakini kabla ya yote hayo kuna kitabu, au siku hizi tableti, na ndani yake orodha. Kila wimbo una jina, jina la mwimbaji, na namba. Unaandika namba kwenye kikaratasi, unasubiri zamu. Kitabu hicho ndicho moyo wa karaoke, kuliko mashine. Kinasema kwa ukimya: kama hujui wimbo wako unaitwaje, kaa chini.

Na sisi tuna karaoke yetu, tunaiita playback, na tunaisemea vibaya huku tunaitegemea. Kwaya inaweka CD, inachezesha midomo. Msanii anakuja mkoani na flashi badala ya bendi. Yule dijei wa send-off hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anafanya kazi ndani ya mfumo ambao wimbo ni faili, na faili bila jina haifunguki.

Watu wanaposema shangazi na wenzake ni watu wa kale wasioelewa mambo ya orodha, nacheka. Shangazi ni Mlutheri wa tangu ubatizo, na anazijua nyimbo za kitabu kwa namba kuliko mchungaji. Mwite usingizini umtajie namba, atakupa ubeti wa kwanza. Hiyo ni orodha ya karaoke iliyotangulia karaoke. Hata kuvua wimbo maneno na kubakiza tuni si jambo geni Singida. Howard Olson, mmisionari Mmarekani aliyefanya kazi kwa Wanyaturu na kuandika tasnifu juu ya sarufi ya lugha yao, Kirimi, mwaka 1964, ndiye aliyekusanya kile kitabu kidogo cha Tumshangilie Mungu, ambamo tuni za Kiafrika zimetiwa maneno ya Kikristo. Okestra ilibaki, mwimbaji akabadilishwa. Nyimbo hizo zikapewa namba, zikapata jina, zikavuka mpaka kwenye vitabu vya makanisa ya Ulaya na Marekani. Sisemi ni wizi. Shangazi mwenyewe anazipenda. Nasema tu kwamba tuni zilizopata namba zimesafiri, na zile zilizobaki na maneno yao ya zamani ziko uani Unyambwa.

Kwenye shiritori yetu shangazi alikuwa anapitapita, anatia kuni, anasikiliza. Jioni moja akataka kucheza. Zamu yake ilikuja kwenye "le". Akafikiri, akasema, "Ule aliokuwa anautwangia mama yenu mkubwa, mwaka wa njaa." Tukapiga kelele. Hilo si jina, mama! Halafu linaanza na "u", hata kanuni hujafuata! Akatushangaa. Akaanza kuuimba, kwa Kinyaturu, taratibu, mkono ukipiga paja kama mtwangio, na sisi tukaendelea kubishana kuhusu "le" mpaka akaacha. Nilikuwa na miaka kumi na mitano au sita. Sikumbuki tuni ya wimbo ule hata kidogo. Nakumbuka silabi.

Nikiwa chuo nilikuja kugundua kwamba shangazi hakuwa peke yake. Utenzi tunaouita Utendi wa Mwana Kupona tunauita kwa jina la aliyeutunga, mama aliyekuwa anamuusia binti yake mnamo 1858. Mashairi ya Muyaka yalizunguka Mombasa midomoni mwa watu kwa miaka mingi kabla Hichens hajayachapa mwaka 1940, na midomoni shairi halihitaji kichwa cha habari. Linahitaji mtu anayekumbuka lilivyoanza na lilimlenga nani. Jina linakuja na karatasi. Shangazi anaziita nyimbo kwa namna ya zamani zaidi: nani aliimba, akiwa anafanya nini, mwaka gani. Ule wa kutwangia. Ule wa mvua iliyokataa. Ule wa kumsindikiza mtoto. Si kwamba hazina majina. Majina yake ni marefu na yana watu ndani.

Kuna mfano unaonipa matumaini na wasiwasi kwa pamoja. Saida Karoli aliimba kwa Kihaya, na mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nchi nzima ilicheza bila kuelewa. Tuliushikaje wimbo wake mkubwa? Wengine waliuita "Maria Salome", wengine "Chambua Kama Karanga". Hicho kipande cha Kiswahili kilikuwa mpini wa jembe. Kila mtu alipata pa kushika, na kwenye mpini huo Kihaya kizima kikabebwa. Mwaka 2016 Diamond na Rayvanny wakautoa upya, na mpini ukakatwa ukawa mfupi zaidi: "Salome".

"Chambua Kama Karanga" ni jina zuri sana, tena ni tashbihi. Wajapani wana lao la aina hiyo, la Hibari Misora, malkia wao wa enka, aliyelitoa Januari 1989, miezi michache kabla ya kufa: "Kawa no Nagare no Yō ni", yaani "Kama Mkondo wa Mto". Karanga na mto. Moja linachekesha na lingine linaliza, lakini yote yanategemea neno letu hilohilo, kama, na yote yanaimbika na mtu asiyejua kuimba. Ndiyo maana la Misora limo kwenye kila kitabu cha karaoke kule kwao. Hata la Saida nimewahi kulisikia baa, likiimbwa na Mmakonde mmoja aliyekuwa hajui Kihaya hata salamu. Alifika mwisho.

Sasa mtu ataniambia: wape basi nyimbo za shangazi majina mafupi, ziingie kwenye orodha, mambo yaishe. Nimelifikiria sana. Nimeona pia linavyofanyika vibaya, rekodi nzuri kabisa ya akina mama wa kijijini ikiandikwa "wimbo wa harusi" au "wimbo wa kazi" na jina la mkoa. Hiyo ni sukiyaki. Ni mbaya kuliko sukiyaki, kwa sababu angalau chakula kile kina ladha. Lakini kukaa kimya na kusema nyimbo hizi ni za uani, ziachwe uani, huo pia ni uvivu uliovaa nguo za heshima. Waimbaji wa Unyambwa ninaowajua wako juu ya miaka sitini. Mabinti wa shangazi wanaijua "Jeje" yote na ule wa kumsindikiza mtoto nusu.

Mwezi uliofuata baada ya send-off nilirudi na simu na kipaza sauti cha kazini. Msimamo wangu ulikuwa rahisi: nitaandika majina kama anavyoyasema yeye, marefu hivyohivyo. Kama Remmy anaweza kuuita wimbo "Muziki Asili Yake Wapi", basi "Ule Aliokuwa Anautwangia Mama Mkubwa Mwaka wa Njaa" ni jina halali, na kitabu cha karaoke kipanue mstari wake. Nilijiona nimepata jibu.

Tulianza na ule wa ukumbini. Waliuimba wote, wanawake saba, mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza nikasikia ulivyo mrefu. Dakika mbili za dijei zisingefika hata pale ambapo sauti ya pili inaingia. Nikahifadhi faili: "Ule wa Kumsindikiza Mtoto". Wakapumzika, wakanywa chai, wakaanza mwingine. Nikasikiliza kidogo nikasimamisha.

"Shikamoo tena, shangazi, samahani. Huu tumesharekodi."

"Ule ulikuwa wa dada yako mkubwa," akasema. "Huu ni wa mdogo."

"Lakini tuni ni ileile."

"Tuni ndiyo ileile," akasema, kwa sauti ya mtu anayemweleza mtoto kwamba maji na chai si kitu kimoja japo sufuria ni moja. "Wimbo siyo. Yule alikwenda Kondoa, kwa watu tusiowajua. Huyu ameolewa hapo ng'ambo ya ziwa, tunaonana sokoni. Huwezi kuwaimbia sawa."

Nikawaomba wauimbe wa mdogo. Kweli, sehemu ya katikati ilikuwa nyingine kabisa, na mmoja wa akina mama alikuwa anacheka wakati anaimba, jambo ambalo kwenye ule wa kwanza halikuwepo. Nilipohifadhi nikaandika jina lilelile, na simu kwa akili yake ikaongeza (2).

Jioni nikampigia zote mbili azisikie. Alisikiliza akiwa amefumba macho, akarekebisha hapa na pale, akamsema jirani aliyeingia mapema. Halafu akauliza nitazipeleka wapi. Nikamweleza: Dar es Salaam, kwenye kompyuta, huenda baadaye mtandaoni, mtu yeyote ataweza kuzitafuta kwa jina na kuzisikiliza.

"Sawa," akasema. "Na huyo mtu akiusikiliza huko, atakuwa anamsindikiza nani?"

Simu nyingine ilikuwa mezani na ilikuwa bado inarekodi, nilisahau kuizima. Swali lake limo mle, likifuatiwa na mimi nikisema "eeh" mara mbili, halafu sauti za kuku wakiingia bandani. Faili hiyo bado sijaipa jina.